Neno la Manusura: Kiswahili na Huduma kwa Waliohamishwa na Ghasia na Ukame, Mfano wa Sondu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna Kiswahili kinavyotumika, na pengine kinavyotumika vibaya, katika kuwahudumia watu waliong'olewa makwao na ghasia au ukame na ambao juu ya hayo wametendewa ukatili wa kijinsia. Mfano wetu mkuu ni Sondu, mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Tunadai kwamba uteuzi wa neno moja, au hata wa kiambishi kimoja, waweza kumnyima manusura dawa, ushahidi na haki. Mwishoni tunapendekeza kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya.

Utangulizi

Mwezi wa Mei mwaka 2023 ghasia zilizuka Sondu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na familia za pande zote mbili za mpaka zikakimbia na vichache walivyoweza kubeba. Mwandishi wa makala haya alikuwa amemaliza shahada ya kwanza, na alijitolea kuandika majina ya waliofika mahali pamoja pa kugawia mablanketi na mahindi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: jina, idadi ya watoto, walichopoteza, wanachohitaji.

Siku ya pili alifika mama mmoja mwenye watoto watatu. Sitasema alitoka upande gani wa mto. Mimi na yeye tulikuwa na Kiswahili tu kati yetu. Nilipomuuliza yaliyompata, alisema, "Mwanangu, walinivunjia heshima mbele ya watoto." Nami nikaandika katika daftari: alitukanwa mbele ya watoto wake. Nikampa blanketi mbili, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata muuguzi mmoja wa makamo alipitia daftari lile. Aliweka kidole kwenye mstari ule akaniuliza, "Walimtukana kwa maneno gani?" Nikamjibu kwamba sikuuliza. Hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kumtafuta yule mama. Alipompata, saa zipatazo sitini zilikuwa zimekwisha kupita tangu tendo lile, nazo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai kitu zikianza kutumiwa baada ya saa 72. Aliwahi kwa saa kumi na mbili tu.

Nilikuwa nimesoma semantiki na pragmatiki kwa miaka minne. Nilijua vyema tasfida ni nini, na ningeweza kuitolea mifano mtihanini. Kosa langu ndilo lililozaa makala haya.

Sondu: soko la mpakani

Anayetoka Kisumu kwenda Kisii kwa barabara kuu hupita Ahero na Katito kabla ya kufika Sondu. Hapo barabara nyingine hupanda kuelekea Kapsoit na Kericho. Upande mmoja ni Nyakach, wanakoishi Waluo. Upande wa pili ni Sigowet na Soin, wanakoishi Wakipsigis. Na ng'ambo ya mto ni Rachuonyo, kaunti ya Homa Bay. Mto Sondu-Miriu hutoka katika msitu wa Mau na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mifugo hushuka sokoni kutoka milimani, samaki hupanda kutoka ziwani, na viazi vitamu huja kutoka Kabondo.

Dholuo ni lugha ya Kinailoti cha Magharibi na Kikipsigis ni ya Kinailoti cha Kusini. Ijapokuwa zina nasaba ya mbali, wasemaji wake hawaelewani. Kwa hiyo bei ya mbuzi hupatanwa kwa Kiswahili, na matusi ya ugomvi wa mbuzi huyo vilevile hutolewa kwa Kiswahili. Hapa Kiswahili si lugha ya mama ya karibu mtu yeyote, lakini ndicho daraja la wote.

Daraja hilo limevunjika mara kadhaa. Mapigano yaliyoanza katika shamba la Miteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba 1991, yalienea katika mpaka wa Nyanza na Bonde la Ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi nzima iliwaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake Oktoba 2008 na kuhesabu vifo 1,133; mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Tume hiyo ilitenga sura nzima kuhusu ukatili wa kingono, na ikabainisha kwamba wengi wa waliotendewa hawakupiga ripoti popote. Wengine waliogopa, wengine hawakuwaamini polisi, na wengine waliotendewa na polisi wenyewe hawakuona pa kwenda.

Mkimbizi au mhamishwa?

Magazeti yetu yamezoea kuwaita watu hawa "wakimbizi wa ndani kwa ndani". Istilahi hiyo inaeleweka, lakini ina kasoro. Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia kuteswa. Aliyetoka Sondu akajihifadhi Katito au Kapsoit hakuvuka mpaka wa nchi; bado ni raia mwenye haki zote za raia, na serikali yake ndiyo inayowajibika kumlinda.

Tuitazame sarufi. Tukisema mtu "alihama", kitenzi kiko katika kauli ya kutenda, na yeye ndiye mtenda. Pengine alichoka na mahali akatafuta pengine. Tukisema "alihamishwa", kiambishi -ish- kinaleta usababishi na -w- kinaleta utendwa. Msikilizaji hana budi kuuliza: alihamishwa na nani, au na nini? Swali hilo ndilo mlango wa haki. Neno "mhamishwa" linalibeba ndani yake.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu wahamishwa wa ndani inajibu swali hilo kwa upana. Inawahesabu waliokimbia mapigano, ghasia, ukiukaji wa haki za binadamu, miradi mikubwa ya maendeleo, na pia majanga ya kimaumbile au yaliyosababishwa na binadamu. Kwa hiyo aliyefukuzwa na ukame na aliyefukuzwa na moto wa nyumba yake wanakaa chini ya sheria moja.

Ukame na ukatili unavyoshikana

Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na kufikia mwishoni mwa 2022 zaidi ya watu milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hufuatilia kaunti 23 zilizo kame au nusu kame, na Kisumu na Kericho hazimo. Hata hivyo, atembeaye Nyakach ya chini akayaona makorongo ya Katuk Odeyo, ambako mvua huja kwa kishindo na kuondoka na udongo, ataelewa kwamba ukame si wa kaskazini pekee.

Ukame haumbaki mtu. Lakini unaongeza njia za ukatili, nazo zinajulikana. Visima vinapokauka, wanawake na wasichana hutembea mbali zaidi, peke yao, alfajiri au jioni. Wanaume wanapoondoka na mifugo kutafuta malisho, nyumba hubaki bila ulinzi. Chakula kinapokwisha, binti huozwa mapema ili mahari ilishe wadogo zake. Na palipo na foleni ya msaada, mwenye kushika orodha huwa na mamlaka, naye aweza kuyatumia vibaya.

Ukame wa mwaka 2011 uliwasukuma Wasomali wengi hadi kambi za Dadaab, ambazo zilikuwapo tangu 1991. Huko tatizo lilikwisha kujulikana zamani: wanawake walikuwa wakivamiwa wakienda kutafuta kuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilianza kugawa kuni kambini. Tathmini ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba ubakaji wa njiani kuelekea kuni ulipungua kuni zilipogawiwa, lakini ubakaji wa mahali pengine uliongezeka. Funzo lake ni kwamba kuziba njia moja kunasaidia, ila anayetaka kudhulumu hutafuta njia ya pili.

Pwani yetu ya ziwa ina mfano wake. Samaki walipopungua, ilizidi desturi iitwayo jaboya, ambapo mvuvi humuuzia mchuuzi samaki kwa sharti la ngono. Katika ufuo wa Nduru, kaunti ya Kisumu, wanawake walijiunga mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakapata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi, nao wakawa ndio wenye samaki. Mkono ulioomba ukawa mkono unaolipa. Kisha mafuriko ya mwaka 2020 yakaufunika ufuo na kuwahamisha wakazi. Waliokuwa wameondoka katika jaboya kwa jasho lao walijikuta tena bila mtaji. Hapa msomaji ataona kwamba ukame na mafuriko, japo ni kinyume, humfikisha mwanamke pale pale: mahali pasipo na riziki yake mwenyewe.

Saa 72 na daftari la kwanza

Aliyebakwa anastahili kufika hospitalini kwanza. Polisi wanaweza kufuata. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina nafasi hadi saa 120. Anashauriwa asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe katika karatasi badala ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na kuozesha ushahidi. Hospitalini hujazwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, na kwa ajili ya polisi hujazwa fomu ya P3. Kwa sheria, matibabu haya hayalipiwi katika hospitali za umma. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ina kituo maalumu cha manusura, na simu ya bure ya taifa kwa masuala haya ni 1195.

Haya ni mepesi kuyaandika. Kwa mhamishwa ni mazito. Njia ya kwenda zahanati hupita mbele ya watu waliochoma nyumba yake. Nguo alizovaa ndizo nguo pekee alizonazo. Cheti cha kuzaliwa cha binti yake kimeteketea, ilhali Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inapima adhabu kwa umri wa mtoto: kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 akiwa kati ya miaka 12 na 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa kati ya 16 na 18. Ni vyema wanaohudumia kambi wajue kwamba mahakama zetu hukubali ushahidi mwingine wa umri, kama vile kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, vipimo vya daktari au kauli ya mzazi.

Kabla ya yote hayo, kuna daftari la kwanza: la mgawa mablanketi, la mzee wa kijiji, la askari wa zamu. Huko ndiko neno linakoanzia safari yake.

Kiambishi kinavyogeuza kosa

Tulinganishe sentensi mbili: "Alipigwa na mumewe" na "Alipigana na mumewe." Kihusishi "na" kimebaki kilekile. Kilichobadilika ni kiambishi: -w- ya utendwa imeipisha -an- ya utendano. Lakini katika sentensi ya kwanza kuna mpigaji na mpigwa. Katika ya pili kuna wapiganaji wawili, na askari anaweza kuwarudisha nyumbani wakapatane. Mwandishi wa daftari asiyekuwa makini, au aliyechoka, hugeuza kipigo kikawa ugomvi kwa silabi moja.

Vivyo hivyo "alilala naye". Kitenzi kiko katika kauli ya kutenda na mwanamke ndiye kiima. Kwa sarufi yake, sentensi hiyo haina kosa la jinai. Nayo kauli "alifanyiwa tabia mbaya", iliyozoeleka sana katika vinywa vya watoto wa Kenya, ina utendewa bila mtenda. Ni kauli ya kweli na ya heshima, ila inaacha maswali mawili ambayo lazima mtu ayaulize kwa upole: nani alifanya, na alifanya nini? Mahakama zetu za rufani zimewahi kukubali kwamba mtoto aweza kusema kwa tasfida, na kwamba kazi ya mahakama ya kwanza ni kuyanakili maneno yake jinsi alivyoyasema. Anayeyatafsiri kabla ya kuyaandika huyapoteza.

Nomino nazo zina mizigo yake. "Mhasiriwa" na "mwathiriwa" humwonyesha mtu kwa kile alichofanyiwa. "Mhanga" kwa asili hutukumbusha anayejitoa nafsi yake. Hatufai kumpa jina hilo mtu ambaye hakujitoa kwa lolote. "Manusura" hutokana na nusura, yaani wokovu, na humtaja mtu kwa kubaki kwake hai. Mashirika mengi siku hizi hupendelea neno hili, na mwandishi anaafiki, kwa sharti kwamba mwenyewe aulizwe anavyopenda kuitwa.

Neno linalotuumiza zaidi ni "kunajisi". Vyombo vya habari nchini Kenya hulitumia kwa ubakaji wa watoto. Lakini najisi ni uchafu unaohitaji kuoshwa. Neno hili linaweka uchafu juu ya mtoto aliyetendewa, hali mchafu ni aliyetenda. Isitoshe, linamhimiza mzazi afanye kile hasa ambacho daktari anakikataza: kumwogesha mtoto upesi. Kusema "alimbaka mtoto" ni wazi zaidi, na hakumwachi mtoto na waa lisilo lake.

Je, tasfida ni adui? La hasha. Yule mama aliyeniambia "walinivunjia heshima" hakuficha neno. Alilisema kwa njia ambayo mwanamke wa heshima angeweza kulisema mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, watoto wake wakisikia. Aliyeshindwa ni msikilizaji.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya mwaka 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Mlalamishi naye anaweza kuruhusiwa na mahakama kuzungumza kupitia mtu wa kati, na Sheria ya Makosa ya Kingono inampa nafasi hiyo shahidi aliye dhaifu. Lakini hayo ni ya mahakamani, baada ya miezi au miaka. Siku ya kwanza, chini ya mti au katika darasa lililogeuzwa malazi, hakuna mkalimani aliyewekwa na yeyote. Hutumiwa jirani, shemeji, au mtoto wa manusura mwenyewe.

Vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni vinaweza kufanya mambo manne. Kwanza, kukusanya faharasa ndogo ya Kiswahili, Dholuo na Kikipsigis yenye tasfida zinazotumiwa katika mambo haya, ikiandaliwa pamoja na wauguzi na wanawake wa sokoni, kwa kuwa wao ndio wenye maneno. Pili, kuandaa mafunzo mafupi ya ukalimani wa kijamii: mkalimani asiwe jamaa, asiwe mtoto, asiwe mtu anayeogopwa na manusura; manusura achague kama anataka mwanamke au mwanamume; na siri itunzwe. Tatu, kufundisha kanuni moja ya daftari: andika maneno ya msemaji kwanza, kama alivyoyatamka, kisha chini yake andika unavyoyaelewa. Nne, kumfundisha kila anayejitolea kwamba kazi yake si kumhoji manusura mpaka mwisho, bali ni kumfikisha kwa mhudumu kabla saa hazijapita.

Kuna atakayesema kwamba haya ni kazi ya wauguzi na mawakili, na kwamba sisi wa fasihi tuna mashairi yetu. Mwandishi alikuwa na mawazo hayo. Lakini muuguzi yule alifanya kazi ambayo sisi hutahiniwa nayo: alisoma sentensi moja, akatambua kwamba maana yake haikai sawa na muktadha wake, akauliza.

Hitimisho

Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na manusura wanane wa ukatili wa kingono wa baada ya uchaguzi wa 2007. Ilisema serikali ilikiuka haki za wanne kati yao, ikaamuru kila mmoja wa hao alipwe shilingi milioni 4. Miaka saba mahakamani, na karibu kumi na mitatu tangu matendo yenyewe. Katika muda wote huo, kilichosimama badala ya miili yao ni maneno yaliyoandikwa siku za mwanzo, yalipoandikwa, na jinsi yalivyoandikwa.

Soko la Sondu lilifunguliwa tena baada ya ghasia. Watu walirudi kupatana bei kwa Kiswahili kilekile. Lugha inayotosha kuuzia mbuzi yapaswa pia kutosha kupokea aliyeumizwa, na kuifanya itoshe ni kazi yetu tunaoisomea. Daftari langu la mwaka 2023 ninalo hadi leo. Mstari ule nimeukata kwa kalamu nyekundu, na juu yake nimeandika maneno ya yule mama, jinsi alivyoyasema.